Ghafla Iliyonipata

Kambini, Kasulu
4 Machi 1996

Kwa Immaculata binti Didace, Kakese
kwa mkono wa Mzee Mikidadi, mwenye duka, Mpanda

Dada yangu,

Hunifahamu. Mimi ni Arcade, yule mtoto mchanga aliyebaki mgongoni mwa Mama mwaka 1972, wewe na Baba mlipokimbia mauaji ya Burundi na sisi tukakwama upande wa pili wa mlima. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Sasa mimi nina ishirini na minne.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mzee mmoja wa Katumba, aliyekuja huku kutafuta nduguze, amesema umesoma shule za Tanzania na Kirundi unakisema tu. Ni yeye aliyenipa anwani hii, akasema barua za watu wa Kakese zinapitia sanduku la Mzee Mikidadi. Kiswahili mimi nilikipata Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, nilikokuwa najenga nyumba za watu.

Dada, Mama yuko hai. Tulivuka naye kuingia Tanzania mwezi wa kwanza. Miguu imevimba, na waganga wa hapa wanasema ni moyo. Haongei mengi, ila kila jioni basi la Kasulu likisimama getini anauliza, "Immaculata amefika?" Jana nilimwambia, "Mama, atafikaje na hatujamwandikia?" Akasema, "Basi andika."

Habari za kifo cha Baba tumezipata kwa huyo mzee wa Katumba.

Njoo. Usingoje mavuno. Sisi hatutoki kambini bila kibali, wewe unaweza kuja. Ni treni mpaka Kaliua, halafu treni ya Kigoma, halafu basi.

Ndugu yako,
Arcade

*

Mpanda Mjini
2 Mei 1996

Mama Evarist, binti yangu,

Baada ya salamu, kwa mkono wa mumeo Felisiani nakuletea barua ya ndugu yako. Bahasha ililowa mvua ikachanika, nimeitia katika nyingine. Inakufikia hivi kwa ghafla iliyonipata, naomba radhi sana.

Isome leo leo. Treni ya kesho usiikose.

Mimi baba yako,
Mikidadi

*

Kakese
20 Mei 1996

Mzee wangu Mikidadi,

Shikamoo. Nimerudi salama.

Kwanza nikushukuru. Felisiani alinikuta shambani navunja mahindi, nikasoma barua nimesimama. Uliandika kwamba ni ghafla iliyokupata, ukaomba radhi. Radhi ya nini, mzee? Habari kama ile haina namna ya kuja polepole. Mtu mwingine angeiacha dukani mpaka siku ya gulio. Wewe uliitoa siku ile ile, hata maandishi yako yalikuwa ya haraka haraka, nikasema huyu mzee ana huruma na mimi kama mwanawe.

Nilipanda treni ya Ijumaa. Kaliua nilingoja sana treni ya Kigoma. Jumatatu saa kumi jioni nikashuka getini pale kambini. Arcade nilimjua kabla hajataja jina, ana paji la uso la Baba. Nikamwambia, "Mimi ni Immaculata."

Akasema, "Najua. Mawe tulimzika juzi."

Mawe kwa Kirundi ni mama. Alifariki Ijumaa mchana, mimi nikiwa na kapu langu kichwani naelekea stesheni ya Mpanda.

Nilidhani tutashikana tulie pamoja, mzee, maana tumebaki wawili. Haikuwa hivyo. Alinionyesha kaburi, akasimama mbali. Tulivyorudi kwenye turubai lao akaniuliza, "Ulikuwa unamaliza kuvuna?"

Nikamwambia, "Barua imenifikia tarehe mbili mwezi huu."

"Niliituma mwezi wa tatu. Watu wa hapa wakiandika Mpanda wanajibiwa ndani ya wiki nne. Yako tu ndiyo imetembea miezi miwili?"

"Arcade, naapa kwa Mungu."

"Usiape. Uliisoma, ukaona yule mama hukumzoea, ukasema atangoja."

Nilikaa kwake siku nne na hakuniamini hata siku moja. Tuliagana kwa kupeana mkono kama watu waliokutana hospitali. Miaka yote hii nilikuwa nalala na sura ya Mama ambayo hata sina hakika ni yake, na sasa ndugu pekee niliyenaye anasema sikumtaka.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye shahidi wangu. Kila barua ya huku inapita mikononi mwako, na unaheshimika. Mwandikie Arcade umweleze barua iliingia lini. Mimi hataniamini, ila mzee mwenye dini ataamini.

Felisiani anakuletea debe la karanga. Ni shukrani tu, usikatae.

Mimi binti yako,
Immaculata

*

Mpanda Mjini
29 Mei 1996

Kijana wangu Arcade Didace,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Pole kwa msiba. Hatujaonana, ila dada yako nimemjua tangu aolewe Kakese, na ni mtu mkweli.

Ameniomba nishuhudie, nami nashuhudia: barua yako imefika mikononi mwake Alhamisi tarehe 2 Mei, si kabla ya hapo. Hakungoja mavuno. Mahindi aliyaacha shambani, na kesho yake alikuwa ndani ya treni. Kama ipo lawama, haiko kwake. Yaliyotokea yalitokea kwa ghafla, na hukumu ni ya Mola.

Nakusihi ufanye suluhu na dada yako. Ndugu wa tumbo moja hawapatikani kwingine.

Wasalaam,
Mikidadi

*

Kambini, Kasulu
14 Juni 1996

Mzee Mikidadi,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nimeisoma mara nne. Mwandiko wako ni mzuri kama wa kitabu.

Umeniambia barua yangu ilifika lini mikononi mwa dada yangu. Mimi nauliza ilifika lini mikononi mwako.

Na kuna neno moja. Buyenzi nilijenga ukuta wa mzee mmoja fundi wa kushona kanzu, karibu na msikiti. Akimwona mtu anasali huku macho yanafuata mbuzi wake, alikuwa anasema, "Huyu yuko katika ghafla." Nilimuuliza maana yake. Akasema ni kuwepo bila kuwepo. Hapa kambini watu wakisema ghafla wanasema juu ya mvua, au juu ya mtoto aliyeanza kuharisha. Dada naye alinionyesha kile kikaratasi chako, na yeye alilielewa hivyo hivyo, kama habari iliyokuja bila hodi. Mimi wakati ule sikujali, nikasema tarehe yoyote mtu anaweza kuiandika. Sasa umeliandika tena.

Ghafla yako, mzee, ni ipi kati ya hizo mbili?

Siulizi kwa ugomvi. Nataka kujua kama nimemwonea dada yangu.

Arcade

*

Mpanda Mjini
1 Julai 1996

Mama Evarist, binti yangu,

Kabla ya kuendelea kusoma, kaa chini. Sitaizungusha habari.

Barua ya Arcade iliingia katika sanduku langu Ijumaa tarehe 22 Machi.

Kesho yake ilikuwa ndoa ya binti yangu Bushra. Nilitoka posta na barua saba. Nyumbani watu wamejaa, mpishi ananiuliza mchele uko wapi, wageni wa Tabora wanataka pa kulala. Barua sita niliziweka kwenye kile kikapu cha dukani mnapozichukulia. Ya saba nilibaki nayo mkononi naangalia jina, nikifurahi kwamba leo na Mama Evarist amepata barua, maana hukuwahi kupata hata moja. Mke wangu Mwanaiddi akaniita. Nikaitia katika mfuko wa ndani wa koti langu jeusi lililokuwa limetundikwa mlangoni. Kesho yake nililivaa koti lile nikamwoza binti yangu, barua ya mama yako iko kifuani kwangu, nami nacheka na watu. Baadaye koti likarudi kabatini.

Koti lile silivai ila kwa ndoa na Idi. Idi ya kuchinja, Jumapili tarehe 28 Aprili, naingiza mkono kutafuta tasbihi, nikaikuta. Muhuri wa posta ya Mpanda, wenye tarehe 22 Machi, ulionekana waziwazi.

Arcade ameniandikia kuuliza ghafla yangu ni ipi. Nikueleze na wewe, maana ni haki yako. Nilipokuwa mdogo Ujiji, mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba ghafla ni maradhi ya moyo. Macho yako wazi, masikio yanasikia, na moyo haupo. Ndiyo maana yake kwa Kiarabu, na ndilo lililozaa kughafilika tunakosema. Neno likasafiri na watu wa chumvi na nguo kuja huku bara, na huku likabaki na upande mmoja tu, wa jambo lisilotazamiwa. Makoye jirani yenu nimemsikia akisema "gafula" katikati ya Kisukuma chake kana kwamba amezaliwa nalo. Felisiani analo kwenye Kifipa. Na wala hamkukosea. Aliyeghafilika ndiye ambaye mambo humjia ghafla. Ni kitu kimoja, kinategemea umesimama upande gani wa mlango.

Nilipokuandikia "ghafla iliyonipata" nilikuwa nakiri. Nilijiambia hivyo. Lakini nimeuza duka Mpanda miaka thelathini na moja, najua kila mtu wa Kakese analielewaje neno lile. Nililichagua kwa sababu ndani yake ningekuwa nimesema kweli mbele ya Mungu, na wewe usingesikia. Huko si kughafilika tena. Hilo nililifanya moyo ukiwepo.

Na bado sijamaliza.

Jumapili ile ile ya Idi, Felisiani alikuja kutupa mkono wa Idi. Alikaa kwenye mkeka wangu akala pilau, koti nimelivaa, barua imo. Nilimuuliza habari za mahindi. Nilisema moyoni nitampa akiondoka. Akaondoka. Nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo isingenishusha mbele yenu. Nikatafuta Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Sikujua barua inasema nini, nilidhani ni salamu. Alhamisi nikaamua kuibadilisha bahasha kwa sababu ya ule muhuri. Mvua haikuwepo, ule ni uongo mwingine. Nilipochana, karatasi ikafunguka, nikaona mstari mmoja: Mama yuko hai. Nikatoka mbio mpaka sokoni bila viatu nikimtafuta mumeo. Na hata hapo, jasho linanitoka, niliketi kwenye gunia la dagaa nikaandika neno lile, yeye amesimama ananingoja.

Umeniandikia kwamba Mama alifariki Ijumaa tarehe tatu mchana. Wewe ulitumia siku tatu njiani. Kama ningempa Felisiani barua baada ya pilau, ungepanda treni ya Jumatatu. Ungeshuka getini Alhamisi jioni.

Wiki tano zilipotea nikiwa sijui. Siku nne nilizila mimi mwenyewe, nikiwa naona.

Karanga zako ziko stoo, hatujazigusa. Siwezi kuzila na siwezi kuzirudisha. Arcade nimemwandikia haya haya leo, neno kwa neno, ili asikudhanie tena.

Sikuombi kitu. Radhi niliiomba mara moja kwa hila, sitaki kuichafua tena.

Mikidadi

*

Kambini, Kasulu
6 Agosti 1996

Dada,

Barua ya Mzee Mikidadi imenifikia. Nimekuonea. Nilikusimamisha mbele ya kaburi la Mawe kama mshitakiwa, na wewe ulikuwa umekuja na kapu la unga na sabuni kwa ajili yake. Lile kapu lilikaa pale mlangoni siku nne na sikukuuliza ndani kuna nini. Nisamehe.

Sasa na mimi nina langu. Mzee ametoa la kwake, siwezi kubaki na langu.

Ile Ijumaa asubuhi Mawe alikuwa hawezi tena kunyanyua kichwa. Aliuliza kama umefika. Nilikuwa nimejibu "bado" siku nyingi mno. Nikatoka nje. Jirani yetu anaitwa Joséline, mwanamke wa Rutana, umri wake kama wako. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia, "Njoo uwe dada yangu kidogo."

Alielewa bila kuuliza. Alifuta mikono, akaingia, akapiga magoti. Nikasema, "Mawe, Immaculata huyu hapa."

Mawe alimshika mkono akaupapasa. Akasema, "Mikono imekuwa migumu."

Joséline akasema, "Ni jembe, Mawe."

"Vizuri. Basi umeolewa penye shamba." Halafu akasema, "Baba yako alikutunza?"

Joséline akaniangalia. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Alinitunza sana, Mawe."

Aliushika ule mkono mpaka mchana.

Sijui kama alijua. Nafikiri wakati mwingine kwamba mama hawezi kukosea mkono, na wakati mwingine kwamba aliouacha ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka tisa na asingeujua wa sasa. Wewe uliposhuka kwenye basi Jumatatu, nilikuona kama mtu aliyenilazimisha kumdanganya Mawe akiwa anakufa. Ndiyo sababu sikuweza kukugusa.

Ukikasirika una haki. Ukiandika nitajibu siku hiyo hiyo.

Ndugu yako,
Arcade

*

Mpanda Mjini
17 Septemba 1996

Mama Evarist,

Barua ya Arcade ya mwezi uliopita iliingia saa nne asubuhi. Saa saba Felisiani alikuwa nayo. Naandika hili si kwa kujisifu, ni ili ujue haikulala.

Hujanijibu na sidai jibu. Nakuarifu tu. Ijumaa iliyopita niliwaeleza watu mbele ya duka, wa Kakese na wa Mwamkulu waliokuja kuchukua barua, niliyokutendea. Sikutaja ghafla, nilisema nimesahau, halafu nimeficha. Wengine walinionea huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Makoye alisema kweli, kwamba sasa atajuaje za kwake ziko koti lipi.

Nimeamua kulifunga sanduku mwisho wa mwaka. Ufunguo namkabidhi Felisiani akuletee. Uuchukue wewe au uutupe.

Mikidadi

*

Kakese
8 Oktoba 1996

Mzee Mikidadi,

Shikamoo.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya Julai nilianza kuijibu mara nyingi, na kila nilichoandika kilikuwa kibaya, nikawashia moto.

Nikwambie lililonishinda. Kusahau ningekusamehe siku ile ile. Mimi mwenyewe niliwahi kumwacha Evarist kanisani akiwa mchanga, nikafika nyumbani na khanga tupu mgongoni. Siku nne ni ngumu. Lakini lile neno ndilo gumu kuliko yote. Ulinipa neno ukijua nitalishika upande usiokuumiza. Ukaniacha nikushukuru, na karanga nikakuletea. Ukamwandikia ndugu yangu lile lile, nikiwa nimekuomba uniokoe. Nilikuwa nakuita baba, na sijui nikuite nani sasa, ndiyo maana hapo juu nimeandika Mzee Mikidadi tu.

Kuhusu sanduku, usilifunge. Ukilifunga unajihukumu wewe, lakini wanaoadhibiwa ni sisi. Nyumba thelathini na kitu hazina anwani nyingine. Mama Lyamba wa Mwamkulu ana mwana Sumbawanga, atamwandikia wapi? Umeshafanya uamuzi mmoja peke yako bila kutuuliza, huu wa pili usiufanye.

Ufunguo umefika na utakaa kwangu. Kila Jumatatu nitakuja mjini. Nitafungua sanduku mimi, barua nitazigawa mimi pale barazani kwako, na ambazo wenyewe hawakuja nitazipeleka. Wewe utanisaidia kusoma majina yaliyoandikwa vibaya. Mambo mengine tusiongee. Siji kukusamehe, nakuja kwa ajili ya barua.

Karanga mpe Mwanaiddi azipike. Zikioza ni dhambi nyingine.

Immaculata

*

Kakese
10 Desemba 1996

Arcade, ndugu yangu,

Barua yako ya Agosti nimekaa nayo muda mrefu, na hizi mbili zilizofuata nimekujibu kwa kifupi tu kwa sababu nilikuwa sijui niseme nini juu ya Joséline. Nikwambie ukweli, nilimwonea wivu. Nilikuwa napalilia naongea naye peke yangu, namwambia ule mkono ulikuwa wangu. Felisiani akadhani naumwa.

Wivu umepungua. Sijui umekwendaje. Siku moja nilikuwa namenya mihogo nikaangalia viganja vyangu, ni vigumu kweli, vimepasuka hapa chini ya kidole gumba. Nikaona Joséline hakumdanganya Mama kwa hilo. Na Baba alinitunza, hilo nalo ni kweli, alinisomesha kwa kuuza tumbaku yake. Kila alichojibu yule dada kilikuwa jibu langu. Mwambie nimesema hivyo. Mwambie nikija Pasaka nataka nimwone, nimshike huo mkono.

Kuhusu Jumatatu zangu za mjini. Ni wiki ya tisa sasa. Natoka hapa alfajiri na baiskeli ya Felisiani, nafungua sanduku, nakaa barazani kwa Mzee Mikidadi. Ananiwekea stuli na chai, halafu anarudi nyuma ya kaunta. Tunasema tu mambo ya barua. Mimi nauliza, "Hii ni Melkiadi au Melania?" Yeye anavaa miwani, anasema, "Melkiadi." Basi. Mkewe Mwanaiddi mwanzoni alijaribu kutupatanisha kwa maneno, siku hizi ameacha. Makoye na wenzake wanachukua barua zao kama zamani.

Jana kulikuwa na barua moja ya Mama Lyamba, yule bibi wa Mwamkulu niliyewahi kukutajia. Juu ya bahasha wameandika HARAKA kwa herufi kubwa, wamepigia na mstari. Bibi hakuwa amekuja, na mvua ilikuwa imeanza ile ya kutochagua nguo. Watu wakasema ngoja ipungue. Nilishindwa kungoja. Niliifunga kwenye nailoni, nikaitia kifuani, baiskeli nikaiacha kwa sababu ya tope, nikaenda kwa miguu. Njia nzima naisema ile sala ya Bikira, na nawaona watoto wa huyo bibi wote wamekufa Sumbawanga.

Nilimkuta anakinga maji ya mvua kwa ndoo. Hajui kusoma. Nikamwambia, "Bibi, kaa." Akakaa, ananiangalia tu. Nikachana.

Mwanawe anamsalimu sana. Anasema goti limepona. Mbuzi wake amezaa mapacha. Anaomba mbegu za yale maboga marefu, azipate kabla mvua hazijashika, ndiyo maana ameandika haraka.

Nilisoma mara mbili nikifikiri nimeruka ukurasa. Bibi akasema, "Ndiyo hayo tu?" Nikamwambia ndiyo hayo tu. Akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Na wewe umelowa hivyo kwa ajili ya maboga!" Alinipa khanga kavu, akaingia ndani akatoka na mbegu zimefungwa kwenye gazeti, akasema nizipeleke posta, na mimi nikazipokea, nikalia, Arcade. Nililia mpaka akaogopa. Nilishindwa kumweleza. Ilikuwa ni barua ya salamu tu, na imefika, na mama yake yupo pale amekaa anaisikia.

Niliporudi mjini mvua bado inanyesha. Mzee Mikidadi alikuwa hajafunga duka, ingawa saa ya kufunga ilipita. Alikuwa amesimama mlangoni, miguu imelowa, sijui amesimama pale kwa muda gani. Aliponiona alirudi hatua moja ili nisidhani ananingoja mimi.

Akauliza, "Imefika?"

Nikamwambia, "Imefika, baba."

Lilinitoka tu. Aliangalia chini akaanza kupanga sahani za mizani zilizokuwa zimeshapangwa. Na mimi sikuchukua baiskeli kuondoka. Nilivuta ile stuli ndani kidogo, pasipodondoka maji, nikakaa mpaka mvua ikaisha.

Msalimie Joséline.

Dada yako,
Immaculata